Moshi na Moyo Mzito: Shajara ya Muuguzi wa Afya ya Akili, Tabora

Ijumaa, 10 Januari 2025

Habari kubwa ya usiku huu imetoka Nairobi. Jana Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ametamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kile kinachomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume na Katiba yao. Nimefurahi kana kwamba kesi ilikuwa yangu. Kwetu Tanzania kifungu kama hicho, cha 217, bado kipo. Ndiyo maana familia ikileta mgonjwa usiku wa manane husema "ameteleza" au "amekula kitu kibaya", na kadi ikaandikwa ajali. Mgonjwa anatibiwa mwili, anaruhusiwa, anarudi nyumbani na maumivu yaleyale yaliyomleta.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaojiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hesabu ya kwetu imefunikwa na hofu ya polisi na aibu ya msibani. Mtu asiyethubutu kusema "nimechoka kuishi" tutamjuaje? Itabidi tujifunze kusoma dalili ambazo watu hawaoni haya kuzitaja. Mojawapo naiona kila siku, na ni nadra kumsikia mtu akiiuliza: sigara.

Jumanne, 21 Januari

Kijana wa bodaboda, miaka ishirini na kitu, ameletwa na dada yake. Halali, hali vizuri, abiria akimuudhi kidogo anawaka. Dada anaeleza, yeye macho dirishani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekuwa njano mpaka kwenye kucha, na goti halitulii. Hatujafika nusu ya mazungumzo akainuka: "Samahani sista, natoka kidogo." Nilimwona chini ya mwembe ameinamia kiberiti. Akavuta mkupuo wa kwanza, akafumba macho, mabega yakashuka. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, anajibu maswali na hata kutabasamu.

Nikamuuliza ile ya kwanza ya asubuhi anaivuta saa ngapi. "Kabla sijanawa uso." Wanaopima utegemezi wa nikotini hulipa swali hilo uzito mkubwa: anayewasha ndani ya dakika 5 tangu aamke ameshikwa hasa.

Kisha akaongeza, bila kuulizwa: "Fegi ndiyo inanituliza, sista. Bila hiyo ningeshafanya mambo mengine."

Sikuliacha neno hilo lipite. Mambo gani? Umewahi kufikiria kujiua? Dada yake akashtuka, akanitazama kama nimetukana. Yeye hakushtuka. Alijibu taratibu, kama mtu aliyengojea siku nyingi aulizwe: ndiyo, tangu mwezi wa kumi, walipokuja kuichukua pikipiki aliyokuwa akiilipia mkopo.

Tumekubaliana dada amhamishie kwake kwa sasa, aondoe nyumbani vitu vya hatari, na kijana arudi Ijumaa. Daktari amemwanzishia dawa ya sonona. Kwenye fomu yetu kuna mahali pa pombe na mahali pa bangi. Pa tumbaku hapapo. Nimeandika pembeni, kwa mkono.

Jumapili, 2 Februari

Sina zamu. Nimesoma tangu mchana mpaka umeme ulipokatika.

Mwaka 2000 Matthew Miller na wenzake huko Marekani walichapisha tafiti mbili. Ya kwanza iliwafuatilia wanajeshi wanaume wapatao 300,000: waliovuta zaidi ya sigara 20 kwa siku walijiua zaidi ya mara mbili ya wale ambao hawajawahi kuvuta. Ya pili ilihusu wanaume wapatao 50,000 walio wataalamu wa afya, wakiwemo madaktari wa meno, wafamasia na madaktari wa mifugo. Humo waliovuta sigara 15 au zaidi kwa siku hatari yao ilikuwa zaidi ya mara nne. Nimekaa sana na ule mpangilio: sigara zikiongezeka, vifo navyo vinaongezeka. Na hawa wataalamu wa afya si watu wasiojua madhara ya tumbaku. Mwaka 2016 watafiti wa Iran walikusanya pamoja tafiti 63 zenye watu zaidi ya milioni 8, wakakuta wavutaji wanajiua karibu mara mbili ya wasiovuta, na kwa majaribio ya kujiua tofauti ilikuwa kubwa zaidi.

Hapo mtu angeweza kukimbilia kubandika bango ukutani: sigara husababisha kujiua. Lakini kuna makala ya mwaka 1992 katika jarida la The Lancet, ya George Davey Smith na wenzake, inayotuzuia. Nao walikuta wavutaji wanajiua zaidi. Kisha wakatazama vifo vingine, wakakuta wavutaji wanauawa zaidi na watu wengine pia. Moshi haumwiti muuaji. Maana yake sigara inatembea na wenzake: ufukara, pombe, ugomvi, upweke, na sonona yenyewe. Mwaka 2020 Davey Smith huyohuyo, safari hii na watafiti wa Bristol, alirudi kwenye suala hili kwa kutumia vinasaba vinavyohusiana na uvutaji. Hawakupata ushahidi thabiti kwamba uvutaji wenyewe ndio unaomsukuma mtu kujiua.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: sitamtisha mgonjwa kwa jambo ambalo halijathibitishwa. Ila uhusiano huo ni wa kweli, umeonekana nchi baada ya nchi, na kwa kazi yangu unatosha. Anayevuta sana ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa amebeba kitu kizito. Nani amemkalisha chini akamuuliza?

Alhamisi, 13 Februari

Kliniki ya mkoba, upande wa Urambo. Msimu wa kuchuma tumbaku umepamba moto, mabani ya kuikaushia yanafuka moshi kila upande na magogo ya miombo yamepangwa kando ya barabara.

Mvua ilinyesha usiku, majani bado yalikuwa yamelowa. Tumemkuta mama mmoja amekaa ukingoni mwa shamba, kanga imeloa kifuani pale alipokumbatia majani, anatapika na kichwa kinamzunguka. Hajavuta sigara maisha yake yote. Jirani yake akasema bila wasiwasi wowote, "Tumbaku imemlevya, atapoa." Ni kweli imemlevya. Nikotini huyeyuka kwenye maji ya jani na kupenya ngozi, na mchumaji huumia zaidi asubuhi yenye umande au baada ya mvua. Tumemtoa shambani, tumemwosha kwa sabuni, tumembadilisha nguo, tumempa maji. Mhudumu wa afya wa kijiji akawaambia wenzake wangoje majani yakauke kwanza, na wavae mikono mirefu.

Kabla hatujaondoka, mzee mmoja mwenye bani alinivuta pembeni. Amechukua mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama cha msingi. Sasa anangoja masoko yafunguliwe na mteuzi apange gredi. "Akinishusha gredi, sista, sina cha kuwaambia watoto. Usiku silali, navuta tu." Nikamuuliza kuhusu usiku huo: mawazo gani yanakuja? Alinyamaza, akavuta, akasema kuna usiku anaona afadhali asiamke.

Tumeandikiana tarehe ya kuonana, na kwa ruhusa yake nimezungumza na mke wake. Zao hili ndilo linalolipa ada na kuezeka mabati, na mzee huyu hataling'oa kwa sababu nimemhubiria. Ila nataka kila mhudumu wa kijiji anayezunguka humu katika miezi ya kungoja malipo ajue kwamba maneno "silali, navuta tu" ni ya kumfanya asimame asikilize.

Jumatano, 12 Machi

Mfungo wa kumi na moja. Kijana wa bodaboda amekuja mwenyewe, bila dada. Anafunga, na Ramadhani imemwonyesha jambo ambalo mimi nisingeweza kumweleza likamwingia. "Asubuhi niko sawa. Ikifika baada ya Alasiri nachukia kila mtu, naona maisha hayana maana. Nikifuturu tende moja nawasha fegi, dunia inarudi. Sista, kumbe ile ni arosto?"

Ndiyo, kwa sehemu kubwa ni arosto. Nikotini ya sigara hufika kwenye ubongo katika sekunde 10 hadi 20, inagusa vipokezi vyake, dopamini inamwagika, mtu anapata nafuu. Lakini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Ubongo uliokwisha kuizoea unaanza kuidai: wasiwasi, hasira, moyo kushuka, kushindwa kutulia, usingizi kukimbia. Mvutaji anaona huzuni imekuja na sigara imeiondoa, kwa hiyo sigara ni rafiki. Ni hesabu ya mkopo wa kausha damu: unakutoa kwenye shida ya leo ambayo rejesho la jana ndilo lililoileta, na kesho unamshukuru aliyekukopesha.

Sonona yake haikuletwa na sigara peke yake. Pikipiki imeondoka, deni limebaki, na baba yake amefariki. Lakini fikiria mtu mwenye moyo ambao tayari ni mzito, kisha mara nyingi kwa siku unashushwa na kupandishwa tena. Kila kushuka ni dirisha ambalo wazo baya linaweza kupita.

Anataka kuacha kabisa ndani ya mfungo huu. Nimemwambia ukweli wote. Siku za kwanza ndizo ngumu, wiki ya kwanza ndiyo kilele, na kwa wengi dalili hulegea ndani ya wiki 3 au 4. Katika kipindi hicho hatakaa peke yake, hataacha dawa zake, na nitamwona mara kwa mara kuliko kawaida. Moyo ukishuka kupita kiasi aje au apige simu, hata kama ameshawasha. Asione aibu ya kuja na harufu ya moshi.

Jumatatu, 17 Machi

Mabishano wodini wakati wa kukabidhiana zamu, kuhusu mgonjwa anayevuta. Mwenzangu mmoja, muuguzi mzuri mwenye huruma, kasema: "Mwacheni na fegi yake, ndiyo furaha aliyobakiwa nayo. Ukimwachisha atachanganyikiwa zaidi." Wazo hili limeota mizizi katika wodi za wagonjwa wa akili duniani kote. Kuna hospitali nyingi ambako sigara ilitumika kumtuliza mgonjwa au kumzawadia akitii.

Nimejibu kwa ninayoyajua. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye vareniklini na bupropioni, dawa mbili za kumsaidia mtu kuacha sigara, kwa kuhofia kwamba zinaleta sonona na mawazo ya kujiua. Hofu hiyo haikupuuzwa. Ulifanywa utafiti mkubwa uitwao EAGLES, wenye watu 8,144 katika nchi 16, na karibu nusu yao walikuwa na ugonjwa wa akili. Matokeo yalitoka mwaka 2016: dawa hizo hazikuongeza kwa kiwango cha maana matatizo ya akili kuliko kibandiko cha nikotini au kidonge kisicho na dawa. Onyo lile likaondolewa Desemba mwaka huohuo. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Gemma Taylor na wenzake katika jarida la BMJ walilinganisha walioacha sigara na walioendelea. Walioacha walipungukiwa na sonona, wasiwasi na msongo, na nafuu yao haikuwa ndogo kuliko ile inayopatikana kwa dawa za sonona. Ilikuwa hivyo hata kwa waliokuwa na ugonjwa wa akili.

Mwenzangu akauliza, "Sasa dawa zenyewe ziko wapi?" Hapo ana haki. Vibandiko na ubani wa nikotini viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, vareniklini na bupropioni tangu 2021. Kwenye stoo yetu hakuna hata kimoja. Tunachonacho ni maneno, ratiba na ndugu wa mgonjwa. Si vitu vidogo, lakini mgonjwa wetu anastahili vyote.

Alhamisi, 3 Aprili

Dada mmoja anayetumia olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili, alilazwa, akatulia, katoka, karudi na sauti zilezile zinazomwambia hafai kuishi. Ndugu wanaapa kwamba anameza dawa mbele yao, nami nawaamini. Nilipouliza kuhusu sigara wakatazamana. Wodini hakuwa anavuta. Nyumbani anavuta sana.

Hili tunalisahau mno. Moshi wa tumbaku, yaani kemikali za moshi wenyewe na si nikotini, huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja olanzapini na klozapini. Mvutaji anaweza kumeza kipimo kilekile akabaki na dawa pungufu mwilini. Kinyume chake ni hatari vilevile: akiacha ghafla dawa hupanda, akawa mlegevu na mwenye usingizi mzito, kwa hiyo kipimo lazima kiangaliwe upya. Klozapini ndiyo dawa iliyoonyesha waziwazi kupunguza majaribio ya kujiua kwa wagonjwa wa skizofrenia. Nikotini haikuhusika hapa, lakini swali la sigara ndilo lililotufikisha kwenye jibu. Daktari atapitia kipimo kesho asubuhi.

Jumanne, 22 Aprili

Kwenye genge lililo karibu na kituo cha daladala sigara zinauzwa moja moja, kiberiti kimefungwa kamba, bure kwa mteja. Watoto wa shule wananunua pipi kwenye dirisha hilohilo.

Nimekumbuka utafiti wa Richard Grucza wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, uliotoka mwaka 2014. Alilinganisha majimbo ya Marekani yalivyopandisha kodi ya sigara na kuzuia uvutaji ndani ya majengo kati ya 1990 na 2004. Miongoni mwa watu walioelekea kuwa wavutaji, kila dola moja ya kodi iliyoongezwa iliendana na hatari ya kujiua kupungua kwa takriban asilimia 10. Nauthamini kwa sababu moja: kodi haichagui mwenye huzuni wala mwenye furaha, inampata kila mtu wa jimbo. Kwa hiyo lile pingamizi la 1992, kwamba wavutaji ni watu wenye shida tangu mwanzo, linapungua nguvu hapa. Haliishi, kwa kuwa majimbo nayo yanatofautiana kwa mengi. Ila mtunga sera akiniuliza kama kodi ya sigara inahusu afya ya akili, nitamjibu kwamba inahusu.

Ijumaa, 9 Mei

Mzee wa miaka sabini na ushee, mvuta ugoro, amekuja kwa ajili ya presha. Mke wake amefariki mwaka jana. Nikamsalimu, nikapima, nikauliza: "Baba, ugoro umeongezeka siku hizi?" Akacheka kidogo: "Kikopo kilikuwa kinamaliza wiki, sasa siku mbili." Kwa nini, baba? "Nyumba ni kubwa, mwanangu." Kutoka hapo njia ilikuwa nyeupe. Sikulazimika kuanza na neno la kutisha. Nilifika kwenye swali la kujiua baada ya kupita kwenye ugoro, usingizi na ibada, na yeye akanijibu kwamba hajafikia huko, ila haogopi tena kufa. Mjukuu atakwenda kukaa naye, na jirani wa msikitini atakuwa anampitia alfajiri.

Bado wapo wenzetu wanaoamini kwamba kumuuliza mtu habari za kujiua ni kumpandia wazo. Tafiti hazioneshi hivyo. Anayeulizwa kwa heshima mara nyingi hupata ahueni.

Kijana wa bodaboda: aliacha mpaka baada ya Idi, akarudia kwenye harusi ya rafiki, ameacha tena. Moyo wake umeinuka. Anaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya siku, na analala. Sitaandika kwamba ni sigara peke yake iliyofanya hivyo. Ni dawa, ni dada yake, ni kazi, ni kuacha fegi, vyote pamoja.

Jumamosi, 31 Mei

Siku ya Kutovuta Tumbaku Duniani. Mabango yanaonyesha mapafu meusi, na yana haki. Takwimu za kitaifa za 2018 zilionyesha takriban asilimia 9 ya Watanzania wazima wanatumia tumbaku, wengi wao wanaume, ambao ndio pia hujiua zaidi katika nchi nyingi na ndio wagumu kuja kliniki kusema wana huzuni. Huja kwa kikohozi, presha, tumbo, ajali ya pikipiki. Tumbaku wanaitaja bila shida. Mlango wa kuingilia uko hapo.

Nimeandaa ukurasa mmoja wa kuwagawia wenzangu Jumatatu:

Kila mgonjwa aulizwe kama anavuta, anatafuna au ananusa tumbaku, na ya kwanza anaitumia muda gani tangu aamke.

Anayetumia, hasa aliyeongeza karibuni, aulizwe usingizi, moyo na madeni, kisha aulizwe kwa uwazi kama amewahi kufikiria kujiua.

Anayesema ndiyo asiondoke peke yake. Apatikane ndugu, tarehe ya kurudi na daktari.

Mwenye sonona anayetaka kuacha tumbaku asikatishwe tamaa hata kidogo. Aandaliwe, asindikizwe katika wiki za kwanza, na dawa zake zipitiwe upya.

Hakuna hapo kinachohitaji mashine wala bajeti mpya. Kinachotakiwa ni dakika chache na muuguzi ambaye, akisikia "inanituliza tu", haendi kwenye swali linalofuata kabla hajauliza: inakutuliza nini?